Maisha ya Tshombe, Depite wa Katanga, na Fundisho Lake kwa Wafanyakazi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wandugu wa site na wa kambi za kazi



Tunakuja kusema nanyi juu ya mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana katika kila nyumba ya Kasongo na Kabambare. Wazee wakilisikia wanatikisa kichwa. Vijana wanauliza: Alikuwa nani? Alifanya nini? Mbona wengine wanamtukana na wengine wanamlilia? Mtu huyo ni Moïse Tshombe.

Hatukuja kutukana maiti. Mtu aliyekufa hana mdomo wa kujibu, na kwetu Wamaza ni haya kumsema marehemu kwa uwongo. Lakini kazi aliyoifanya haikuzikwa pamoja naye. Kwa hiyo tutaipima kama vile karani wa kompani anavyopima madini: jiwe upande mmoja, uzani upande mwingine, na kila mtu aone kwa macho yake.

Tshombe alizaliwa tarehe 10 mwezi wa 11, mwaka wa 1919, huko Musumba, katika inchi ya Walunda. Hakuzaliwa katika umaskini. Baba yake, Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa na maduka na mashamba, mmoja wa Waafrika wachache wa Kongo waliokuwa matajiri wakati wa Wabeleji. Kijana alisoma kwa wamisionari Wamethodisti. Akaoa binti wa Mwata Yamvo, mfalme mkubwa wa Walunda. Basi alikuwa na vitu vitatu ambavyo mfanyakazi wa shimoni hana: mali ya baba, shule ya misioni, na damu ya ufalme.

Biashara haikumwendea vizuri kama baba yake. Lakini bulamatari aliona kama huyu ni mtu wa utulivu, mtu asiyeleta fujo, akampa kiti katika Baraza la Jimbo la Katanga. Hiyo ilikuwa miaka ya kwanza ya 1950. Nanyi mnajua baraza la wakati ule lilikuwa namna gani: Mwafrika aliitwa aketi, asikilize, atoe shauri, gavana aliamua kama apendavyo. Hakuna mfanyakazi aliyepiga kura kumweka mtu pale. Ndipo Tshombe alipoanza kujifunza siasa, katika nyumba ambamo ruhusa ilitoka juu.

Sasa tufike mwaka wa 1957. Mwezi wa 12 wa mwaka ule, Wabeleji waliruhusu kura ya kwanza katika miji mikubwa, na Elisabethville ulikuwa mmoja wao. Watu wa site walichagua. Kisha mameya waafrika wakawekwa, na hawakuwa wenyeji wa Katanga. Wengi wao walikuwa watu wa Kasai. Huko Jadotville vile vile, Victor Lundula akawa meya wa Kikula. Kwa nini? Kwa sababu kompani ya Union Minière iliwaleta watu kutoka mbali tangu zamani. Ilichukua watu Kasai, ikachukua watu Lomani, ikachukua watu Ruanda-Urundi, na hapa Maniema pia ilichukua. Wakakaa kambini, wakazaa, watoto wakasoma, wakawa makarani na wauguzi na makapita. Mji ulikuwa umejengwa kwa mikono yao.

Wenyeji wa Katanga waliona uchungu. Tuseme kweli: uchungu ule haukuwa uwongo mtupu. Mtu wa kijiji cha karibu na shimo aliona kazi nzuri inashikwa na mtu aliyekuja kwa treni, na sasa ameya naye ni wa treni. Lakini nani aliyempita mwenyeji wakati wa kuandika watu kazini? Si karani wa Kasai. Ni kompani, iliyotaka watu walio mbali na ukoo wao, wasio na shamba la kukimbilia siku ya mgomo. Mwaka wa 1941 wafanyakazi wa Elisabethville waligoma kutaka mshahara uongezwe, askari wakawapiga risasi katika kiwanja cha mpira, wakafa kwa makumi. Risasi zile hazikuuliza nani mwenyeji na nani mgeni.

Uchungu ule ungeweza kupelekwa mlangoni pa kompani. Wakubwa wa Katanga waliupeleka mlangoni pa jirani.

Mwezi wa 10, mwaka wa 1958, chama cha Conakat kilizaliwa. Mwenye kiti wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri. Mwaka wa 1959 Tshombe akashika kiti hicho. Chama kilisema: Katanga kwa watu wa Katanga, na wageni wasiwatawale wenyeji. Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Katika mwaka ule ule wa 1959, chama cha walowezi wazungu kilichoitwa Union Katangaise kiliingia ndani ya Conakat. Mluba wa Kasai aliyechimba shaba miaka ishirini, huyo mgeni. Mbeleji aliyekuja na meli juzi, huyo ndugu! Wandugu, mizani ya namna hii mmeiona wapi?

Jason Sendwe na chama chake cha Balubakat, watu wa kaskazini ya Katanga, wenyeji kabisa, walikuwa wamejiunga na Conakat mwanzo wa 1959. Walipoona ginsi mambo yanavyoelekea, wakatoka mbele ya mwaka kwisha. Kwa hiyo hata neno la wenyeji halikuwa kweli: nusu ya wenyeji walikuwa nje ya mlango.

Katika mkutano wa Table Ronde huko Bruxelles, mwezi wa 1 na wa 2 wa 1960, Tshombe alitaka Kongo iwe shirikisho, kila jimbo lishike utajiri wake. Mtu anaweza kutaka shirikisho bila kuwa msaliti. Inchi nyingi zinatawaliwa hivyo. Hatumhukumu kwa wazo lile. Tunamhukumu kwa njia aliyoishika kulitimiza.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo wengi wamelisahau, nalo ndilo shina la yote. Tunaomba mtege masikio.

Mwezi wa 5 wa 1960 watu walipiga kura kwa Baraza jipya la Jimbo la Katanga. Viti vilikuwa 60. Conakat ilipata 25. Kartel ya Balubakat na wenzake ilikuwa nyuma yake kwa viti vichache tu. Wadogo na wasio na chama walichukua vilivyobaki, na wengi wao wakavutwa upande wa Conakat. Sheria ya inchi, ile Loi fondamentale iliyotolewa na Wabeleji wenyewe mwezi ule ule wa 5, ilisema kama serikali ya jimbo haiwezi kuchaguliwa mpaka theluthi mbili za madepite wawepo ndani ya baraza. Theluthi mbili za 60 ni 40. Hata pamoja na wale waliovutwa, Conakat haikufika 40.

Maana ya sheria ile ni nini? Maana yake ni hii: wewe uliyeshinda kidogo, usile peke yako. Sherti uzungumze na mwenzako. Umpe sehemu. Madepite wa Balubakat walitoka nje, ili Tshombe alazimike kuzungumza nao. Ilikuwa silaha yao moja, nayo ilikuwa halali.

Tshombe alifanya nini? Hakwenda kuzungumza na Sendwe vya kutosha ili wapatane. Wakubwa wake waligonga mlango wa Bruxelles. Na tarehe 15 mwezi wa 6, mwaka wa 1960, siku kumi na tano tu mbele ya uhuru, Bunge la Ubeleji likabadili sheria ile, theluthi mbili zikaondolewa. Kesho yake, tarehe 16, serikali ya Katanga ikachaguliwa bila Balubakat, na Tshombe akawa rais wa jimbo.

Wandugu, mchezo wa mpira mnaujua. Mechi inaendelea, dakika za mwisho, timu moja haiwezi kufunga. Mwamuzi anasogeza goli! Je, waliofungwa watakwenda nyumbani kwa amani? Kaskazini ya Katanga haikwenda nyumbani kwa amani. Vita vilivyokuja kule, vijiji vilivyochomwa, watu waliokimbilia porini, mzizi wake mmoja ulikuwa ndani ya siku ile ya tarehe 15.

Katika Bunge la inchi nzima, Conakat ilipata viti 8 kati ya 137. MNC ya Lumumba, ambayo Maniema yetu iliipa kura kwa wingi, ilikuwa ya kwanza. Hivyo Tshombe alikuwa mkubwa Elisabethville, mdogo Léopoldville. Mtu wa namna hiyo ana njia mbili: kushindana kwa maneno mpaka kura nyingine, ama kukata kamba. Tarehe 11 mwezi wa 7, 1960, siku kumi na moja tu za uhuru, akakata kamba. Akatangaza Katanga ni inchi ya peke yake. Askari wa Ubeleji walikuwa pale kumlinda, na Union Minière ikapeleka kodi Elisabethville, si Léopoldville. Lakini hakuna serikali hata moja ya dunia iliyoitambua inchi ile, hata Ubeleji wenyewe. Walimpa bunduki na maofisa, sahihi hawakumpa.

Wapo wanaosema: Wakati wa Tshombe Elisabethville kulikuwa na chakula, franka ilikuwa na nguvu, treni zilikwenda. Hatukatai. Mfuko uliokuwa wa watu wa majimbo sita, ukishikwa na mtu wa jimbo moja, utakosaje kuwa mzito? Lakini waulizeni Waluba wa Kasai waliokuwa katika mji ule ule. Mwaka wa 1961 makumi ya maelfu yao walikimbia nyumba zao, wakakaa katika kambi ya wakimbizi iliyolindwa na askari wa ONU, pembeni ya mji walioujenga. Kisha wakarudishwa Kasai, na wengi wao huko walikuwa hawajawahi hata kupika ugali. Waulizeni Waluba wa kaskazini juu ya majandarme.

Na tarehe 17 mwezi wa 1, 1961, ndege ikashuka Luano. Ndani yake Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamefungwa, wamepigwa. Usiku ule ule wakauawa porini kwa risasi. Baraza la uchunguzi la Bunge la Ubeleji lilipotoa habari yake mwaka wa 2001, liliandika kama Tshombe na Munongo na mawaziri wengine walikuwapo pale, pamoja na maofisa Wabeleji. Mwaka wa 2002 serikali ya Ubeleji iliomba radhi. Mwezi wa 6 wa 2022 jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudishwa Kongo likazikwa Kinshasa.

Lumumba hakuwa mtu wa mbali kwetu. Katika ujana wake alifanya kazi Kalima, kwa kompani ya bati. Aliuawa waziri wa kwanza aliyechaguliwa, na Okito alikuwa makamu wa mwenye kiti wa Senate. Depite aliyepewa cheo kwa kura aliwapokea wachaguliwa wenzake kama mizigo ya kuteketezwa. Hapo mizani yetu inaanguka upande mmoja, na hakuna uzani wa kuinyanyua.

Kujitenga kulikwisha mwezi wa 1 wa 1963, baada ya mapigano na askari wa ONU. Tshombe akaenda Hispania. Watu wakasema: amekwisha. Hakukwisha! Mwezi wa 7 wa 1964 Rais Kasavubu alimwita, akamfanya waziri wa kwanza wa Kongo nzima, ile Kongo aliyoivunja. Kwa nini? Kwa sababu Mashariki ilikuwa inawaka. Simba walikuwa wameinuka. Mwezi ule ule Kindu ikaanguka mikononi mwao, na mwezi wa 8 Stanleyville.

Hapa, wandugu, sherti tuseme pia habari ya nyumba yetu. Simba wengi walikuwa watoto wetu. Waliinuka kwa sababu uhuru ulikuwa umeliwa na wachache. Lakini waliua makarani, walimu, watu waliosoma, kule Kindu, mbele ya macho ya watu. Jason Sendwe, adui mkubwa wa Tshombe, aliuawa Albertville mwezi wa 6 wa 1964, wakati waasi wanashika mji ule. Na mbele ya hapo, tarehe 11 mwezi wa 11, 1961, Waitalia 13 wa ndege za ONU waliuawa Kindu na askari waliodhani ni Wabeleji wa kumsaidia Tshombe. Hawakuwa hivyo. Hofu ya mtu mmoja iliua watu 13 waliokuja kuleta vitu. Anayemhesabia Tshombe maiti zake na kuficha zetu, huyo hapimi, anauza maneno.

Tshombe alizima moto kwa njia aliyoijua: mamerseneri wazungu chini ya Mike Hoare, majandarme wake wa zamani, ndege na fedha za wakubwa wa nje. Kindu ilirudishwa tarehe 5 mwezi wa 11, 1964. Tarehe 24 maparakomando Wabeleji walishuka Stanleyville kutoka ndege za Waamerika. Upande wetu wa Kabambare mpaka Fizi vita viliendelea mwaka wa 1965. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na nyasi zilikuwa ni sisi, mihogo yetu, mbuzi wetu, watoto waliokufa porini kwa baridi na njaa. Wakubwa wa Afrika walimchukia. Mwezi wa 10 wa 1964 alikwenda Le Caire kwa mkutano wa inchi zisizofungamana, wakamzuilia ndani ya nyumba, asiingie mkutanoni.

Lakini sikilizeni: mwaka wa 1965 alipeleka chama chake kipya, Conaco, kwenye kura, kikashika viti 122 kati ya 167. Alijua kuwavuta wenzake, alijua kuzungumza na mtu wa kijiji na mtu wa benki siku moja. Tukisema alikuwa mjinga wa wazungu tu, tutakuwa hatujifunzi kitu. Alikuwa mwerevu, na werevu wake ndio uliofanya hatari iwe kubwa.

Mwisho wake mnaujua. Mwezi wa 10 wa 1965 Kasavubu alimfukuza. Bunge lilikataa kumkubali Kimba aliyetajwa badala yake. Wanasiasa wakavutana, na tarehe 24 mwezi wa 11 Mobutu akachukua yote. Kimba alinyongwa mwaka wa 1966 pamoja na wengine watatu, hadharani, Kinshasa. Tshombe alihukumiwa kifo mwaka wa 1967 naye hayupo. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka ule, sikukuu ya uhuru, ndege aliyopanda ilitekwa hewani na Mfaransa aitwaye Bodenan, ikapelekwa Algeria. Huko alifungwa mpaka alipokufa tarehe 29 mwezi wa 6, 1969, kwa moyo, walisema waganga. Umri wake miaka 49. Akazikwa Bruxelles. Mtu aliyeimba Katanga kwa watu wa Katanga hakupata hata kaburi katika udongo wake.

Na wale waliompa bunduki? Union Minière ilinyang'anywa mali yake ya Kongo mwanzo wa 1967, lakini wakubwa wake hawakufungwa, hawakukimbia porini. Mwenye kukutuma kuiba asali hayupo pale nyuki wanapouma.

Basi fundisho ni nini? Kwa nini tunasema haya mbele ya watu wa kazi?

La kwanza, sheria ya baraza si mchezo wa wenye miwani. Siku ukisikia kama kanuni ya kuhesabu kura inabadilishwa haraka haraka kwa ajili ya mtu mmoja, acha jembe, simama, uliza. Ni nyumba yako inayochomwa siku ile, ijapokuwa moshi utauona mwaka ujao.

La pili, mkiona depite anasema sana juu ya wageni, tazameni nani anakaa pembeni yake mezani. Mwaka wa 1992 na 1993 neno lile lile lilirudi Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule. Watu wa Kasai, wafanyakazi wa Gécamines, waliitwa bilulu, yaani wadudu, wakafukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala katika stesheni wakingoja treni, na wengi walikufa njiani. Miaka thelathini ilikuwa imepita, Tshombe amezikwa, lakini neno lilikuwa hai.

Nasi Wamaza tunalijua neno hilo zaidi ya wengi. Babu zetu Wabeleji waliwaita Waarabuzwa, watu wasio wa hapa wala wa pale, kwa sababu ya kanzu, ya sala na ya lugha hii tunayosema. Wajukuu wao walikwenda Kalima, Kamituga, Lubumbashi kutafuta kazi, na kila walikokwenda waliulizwa: wewe mtu wa wapi? Mtu anayeulizwa hivyo akija kuwa na nguvu, naye akamwuliza mwenzake hivyo hivyo, basi Tshombe amemshinda.

La tatu, mtu wa kutulia si lazima awe mtu wa amani. Tshombe alipendwa na wakubwa kwa utulivu wake: alilinda wafalme, misioni, kompani, mambo yakae kama yalivyo. Kulinda mambo ya zamani si kosa. Wazee wetu nao wanalinda mengi mazuri. Lakini kuna siku mlinzi anaulizwa: unalinda nyumba ya nani? Jibu lake alilitoa kwa matendo.

Wandugu, kesho mtapiga kura tena, wa leo na watoto wenu baadaye. Watakuja madepite na fulana, na chumvi, na bia, na maneno matamu juu ya kabila. Muulizeni kila mmoja mambo matatu: Nani anakulipa? Ukishinda kidogo, utakaa na aliyeshindwa kidogo? Na mchimbaji aliyetoka mbali, mtoto wake akizaliwa hapa, utamwita nani?

Akijibu vizuri, mpeni. Akizungukazunguka, mpeni maji anywe, mwonyesheni njia.